Jibu: Noti za Mjerumani kwenye sanduku la babu

Habari mkuu. Umeuliza kama noti ya rupia 1 ya Mjerumani, ya 1915, uliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu hapo Tabora ina bei kwa sababu ni ya zamani. Uzee peke yake hauuzi. Hizo zenye maandishi "Daressalam/Tabora" zilichapwa humuhumu wakati wa vita, Waingereza walipoziba njia ya bahari na noti za Ujerumani zikashindwa kufika. Za rupia 1 zilitoka nyingi, ndiyo maana bado zinaibuka masandukuni.

Anza na hali yake. Ishike kwenye mwanga: kona bado kali? Mkunjo wa katikati umetoboka? Mimi nikiona selotepu tu, naachana nayo. Halafu soma namba na sahihi (saini) zilizo kwenye noti, maana noti za aina moja hupishana bei kwa sahihi tu. Na tafadhali usiifue wala kuipiga pasi, wanunuzi wanagundua mara moja.

Kama sandukuni kuna pia noti ya Tanzania ya shilingi 100 yenye picha ya Nyerere, toleo la 1966, hiyo ndiyo ningeihangaikia zaidi kama ni safi. Bei sikutajii kabla sijaiona. Weka picha za pande zote mbili.