Mausipisi ya zamani: ichongwe au inunuliwe nyingine?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninapuliza saksafoni ya alto katika bendi ya kanisa hapa Kihesa, Iringa. Ala hii niliachiwa na marehemu baba mdogo, ambaye alikuwa mpigaji wa muziki wa dansi miaka ya 1980. Imechongwa maneno Elkhart, Indiana, na chini ya namba yake ipo herufi L. Mausipisi yake, yaani kile kipande cha kupulizia kinachoingia mdomoni, ni nyeusi, ya mpira mgumu, haina jina, na ncha yake imebana sana. Ninatumia ridi (ule ulimi mwembamba wa mwanzi unaotetemeka) namba moja na nusu. Tukipiga pamoja na matarumbeta, gitaa na kinanda, sauti yangu haisikiki, na noti za juu hukatika. Fundi mmoja amejitolea kuipanua ncha kwa msasa, kwa bei nafuu. Rafiki yangu naye ananishauri niitupe na kuagiza ya chuma kutoka Dar es Salaam. Nimsikilize nani?

Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, kwa sababu maelezo yako yenyewe yanaonyesha mshitakiwa ambaye hakuna aliyemtazama, naye ni hiyo ridi namba moja na nusu. Mausipisi yenye ncha iliyobana huacha nafasi ndogo sana kati ya ncha na ridi, na ridi laini ikiwekwa hapo, hufunga nafasi hiyo mara tu unapoongeza pumzi au kukaza midomo ili upande juu. Ndiyo maana unavyojitahidi kupuliza kwa nguvu ndivyo sauti inavyozidi kukatika. Kanuni ya wapulizaji ni kwamba ncha iliyobana hutaka ridi ngumu, na ncha iliyo wazi hutaka ridi laini. Nunua ridi mbili tu, moja namba mbili na nusu na nyingine namba tatu, uzipulize kwa wiki mbili hadi midomo yako izoee, kisha ndipo tuanze kuzungumza habari za msasa.

Nimefurahi kwamba umetaja herufi L. Saksafoni nyingi za Marekani za mwanzoni mwa karne ya 20 zilipigwa chapa hiyo kuonyesha kwamba zimetengenezwa kwa usawa wa noti A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ambao ndio usawa wa kinanda chenu. Zilizopigwa chapa ya H zilikuwa juu zaidi, na kama yako ingekuwa mojawapo ya hizo, hakuna mausipisi ambayo ingekupatanisha na wenzako. Elkhart nao ni mji wenye heshima yake katika habari hizi, kwa kuwa kampuni za saksafoni za Conn na Buescher zote zilikuwa na viwanda huko. Kwa hiyo ala yako si ya kubezwa, na ninasema hivyo kwa sababu hatima ya mausipisi haiwezi kutenganishwa na ala inayoivaa.

Hapo ndipo shauri la rafiki yako linapohitaji kupimwa. Saksafoni ina umbo la koni ndefu iliyokatwa ncha, na nafasi iliyo ndani ya mausipisi ndiyo inayojaza mahali pa ile ncha iliyokatwa. Watengenezaji wa zamani walifanya chumba cha ndani kuwa kipana na cha mviringo, wakaipanga ala nzima kulingana na upana huo. Mausipisi nyingi za chuma za siku hizi zina chumba chembamba, na dari yake, yaani ule upande wa ndani unaotazamana na ridi, imeshushwa ili pumzi ipite kwa kasi na sauti itoke kali. Ukali utaupata, hilo silikatai. Lakini kwa kuwa nafasi ya ndani imepungua, sauti itakuwa juu ya kinanda, nawe utalazimika kuivuta mausipisi nyuma hadi ining'inie ukingoni mwa koki, yaani lile gamba laini linalozunguka shingo ya ala, na hata hapo utakuta noti za chini zimekubali wakati zile za oktava ya juu bado zinakataa. Ukipata nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa, pata kwanza usawa kwa noti ya katikati, kisha puliza noti hiyo hiyo oktava moja juu na moja chini bila kusogeza midomo. Zikiachana sana, mrudishie mwenyewe mzigo wake.

Jaribio hilo lifanye mchana, tena baada ya kuipasha ala moto kwa pumzi. Sisi wa nyanda za juu tunasahau kwamba kila nyuzi moja ya joto inayopungua hushusha sauti ya ala ya kupuliza kwa takriban senti tatu, na senti mia ndizo zinazofanya nusu toni. Saksafoni iliyolala usiku wa Juni katika chumba chenye nyuzi 10 inaweza kukudanganya vibaya kwa dakika za kwanza, na nimewaona vijana hapa Mbeya wakiilaumu mausipisi kwa kosa la baridi.

Sasa nije kwa fundi wako. Mausipisi ya alto ya zamani inaweza kuwa na uwazi wa milimita 1.4 hivi, wakati wapiga jazi wengi wa leo hupendelea 1.8 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo ya milimita 0.4 ni kama karatasi nne za daftari zilizopangwa pamoja, na inatakiwa ipatikane kwa mpindo unaoanza mbali na ncha, ukiteremka taratibu, huku ukingo wa kushoto na wa kulia ukilingana katika kila hatua. Tena kazi haiishii hapo. Msasa unapoiteremsha kingo ya ncha, kingo hiyo hupanuka, na ikiachwa pana sauti huwa nzito na yenye ukungu, kwa hiyo mtu analazimika kuingia ndani kwa tupa ndogo na kuichonga dari. Kila anachokiondoa hakirudi. Kuna njia ya kuibana tena ncha iliyopanuliwa mno, yaani kuishusha ile meza bapa inayokaliwa na ridi, lakini hiyo nayo ni kuzidi kuikonda.

Nayasema haya kwa uchungu wa aliyeungua. Nilipokuwa na umri kama wako nilichukua mausipisi ya mpira mgumu, nikabandika msasa kwenye kigae cha sakafu, nikaanza kusugua kwa mkono mmoja huku nikizungumza na watu. Kigae hakikuwa bapa, na kidole gumba changu kilikuwa kikikandamiza upande wa kulia kuliko wa kushoto. Nilipoipuliza jioni ile ililia kama mlango wa ghala ulioota kutu, na haikuacha kulia hadi nilipoiweka kando moja kwa moja.

Kwa hiyo mwulize fundi wako anapima kwa nini. Kama atakujibu kwamba anapima kwa macho, mshukuru, umnunulie chai, uondoke na mali yako. Anayeijua kazi hii atakuonyesha kioo kinene, msasa laini unaotumiwa ukiwa umeloa maji ili vumbi lisiruke, na seti ya fila geji, yaani majani membamba ya chuma yenye unene uliopimwa, yale yale ambayo mafundi magari hupimia tapeti. Huyateleza chini ya kioo kilicholazwa juu ya mausipisi na kuandika kila jani linakomea wapi, upande huu na upande ule, kabla hajagusa chochote.

Wewe mwenyewe unaweza kuanza uchunguzi huo nyumbani. Loanisha ridi, ifunge kwa kibanio chake, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, kisha nyonya hewa yote kwa mdomo na uitoe mausipisi mdomoni. Ikishika kwa sekunde chache ndipo ridi ikaachia kwa mlio wa "pap", kingo na meza ni nzima. Ikiachia papo hapo hata kwa ridi mpya, basi huenda meza imepinda, jambo linaloweza kuipata mpira mgumu iliyoachwa juani ndani ya gari. Hapo, na hapo tu, ningekubali ichongwe na mwenye vipimo, kwa sababu hiyo ni kuiponya. Kuipanua ilhali ni nzima ni jambo jingine.

Ikiwa ni nzima, na baada ya wiki mbili za ridi ngumu bado unamezwa na matarumbeta, nunua nyingine ya kawaida ya mpira au plastiki yenye chumba kisichobana, ncha kati ya milimita 1.6 na 1.8, uitumie kwenye harusi na mikutano ya nje. Ile ya baba mdogo ibaki sandukuni pamoja na ala yake, na uipulize ndani ya kanisa, mahali ambapo sauti nene na ya upole inafika hadi viti vya nyuma bila kupigana na mtu.

SWALI: Mwalimu, mausipisi yangu nyeusi imegeuka kijani, ina uchungu mdomoni na harufu kama ya kiberiti. Mwenzangu amenishauri niichemshe. Je, niinunulie mbadala?

Msomaji, Tukuyu

JIBU: Usiichemshe hata kidogo. Mpira mgumu hutengenezwa kwa kuchanganya mpira na salfa nyingi, na mwanga wa jua pamoja na joto huitoa salfa hiyo juu, ndiyo hiyo unayoinusa. Maji ya moto yataizidisha rangi na yanaweza kuipinda meza. Ioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, uisugue kwa mswaki laini, uikaushe kwa kitambaa. Uchungu ukibaki, bandika kipande chembamba cha mpira pale meno yanapokaa. Usijaribu kuirudishia weusi kwa msasa, hasa kwenye meza na ncha, maana rangi ya kijani haiharibu sauti, na msasa huiharibu. Kama inapuliza vizuri, huna sababu ya kununua mbadala. Usiiache tu dirishani penye jua.