Mbona niko onlaini saa nane za usiku

Wiki jana binamu yangu wa Likoni aliniuliza kwenye grupu la familia, mbele ya mashangazi na wote: "Kila nikiamka alfajiri kwenda msikitini nakukuta uko onlaini. Huko si saa nane za usiku? Una kitanda cha maana, huna mbu, huna joto, stima haipotei. Walala saa ngapi wewe?" Watu wakacheka. Mimi nikatuma kicheko, nikanyamaza. Lakini najua anatafuta viza, na sitaki aje huku akidhani usiku huwa nachati na wasichana.

Jibu, binamu, ni kwamba huwa macho nawaza kazi.

Kazi yenyewe ina mwisho wake. Hapa Leeds, Uingereza, nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya masaa kumi na mawili. Nikirudi nimechoka hadi kucha. Saa nne nimeanguka kama gogo, saa saba na nusu macho wazi. Wataalamu wanasema kila mtu huzinduka kidogo usiku, kwa sababu usingizi huja kwa mizunguko ya kama dakika 90. Asiye na lake hugeuka upande wa pili akaendelea, wala asubuhi hakumbuki. Mwenye lake huzinduka akalikuta limemkalia kitandani linamsubiri.

Langu mwezi wa kumi na mbili lilikuwa kutia sahihi. Kila mzee akimeza kidonge unatia sahihi kwenye fomu ya dawa. Usiku mmoja nikajiuliza: yule mzee wa mwisho nilimtilia sahihi? Namuona mzee, nakiona kikombe cha plastiki, nauona mkono wangu umeshika kalamu, kisha picha inakatika. Nikairudia mara ishirini. Saa nane na dakika ishirini nikapiga simu kazini. Dada wa zamu ya usiku akaenda kufungua fomu, akarudi: "Sahihi yako ipo. Na hii ni mara ya pili wiki hii. Nenda ukalale." Sikulala mpaka kengele ya simu ilipolia.

Hofu yote hiyo ya nini? Kwa viza ya kazi kama yangu, mwajiri akikuachisha kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwingine wa kukudhamini, ama ufunge begi. Kwa hivyo kosa dogo halibaki dogo. Usiku kidonge kimoja kinageuka barua, barua inageuka tiketi ya ndege, tiketi inageuka mimi nimesimama Moi International na begi moja, shangazi ananiangalia. (Na kwa kuwa tumefika kwenye viza: wakala anayekwambia bado anaweza kukuleta Uingereza kuwa mlezi wa wazee anakula pesa zako. Mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya walio nje tarehe 22 Julai 2025. Ukienda Ujerumani au Ghuba ni sawa, lakini haya nisemayo yatakufuata hata huko.)

Kuna profesa wa Chuo Kikuu cha Surrey, Mark Cropley, aliyechunguza miaka mingi namna watu wanavyobeba kazi kichwani baada ya saa za kazi. Anatenganisha aina mbili. Kuna kulifikiria jambo ukitafuta njia ya kulimaliza, na kuna kujichoma nalo tu kwa hasira na hofu, bila kutafuta njia yoyote. Hii ya pili ndiyo inayoandamana zaidi na usingizi mbovu. Mwili hautofautishi bosi na mwizi dirishani: moyo unadunda, misuli inakaza, na mtu aliyejiweka tayari kupigana halali. Kesho yake unaamka mzito, unakosea kweli, usiku una la kuwazia. Gurudumu.

Sasa utaniuliza, kwani Mombasa sikuwa na presha? Nilikuwa nayo. Unakumbuka nilivyokuwa kwenye kliaringi, kutoa mizigo bandarini pale Kilindini: kontena limekwama, mteja anatukana, bosi anatukana zaidi. Lakini kati ya ofisi na kitanda palikuwa na feri ya Likoni. Wallahi niliitukana ile feri kila jioni. Tumebanwa kama dagaa, jasho la jirani begani mwangu, kijana anapita na njugu, mama anagombana na mtu aliyemkanyaga, na huwezi kwenda popote mpaka ijae, ivuke, ifunguliwe. Nikishuka ng'ambo, magharibi, kisha barazani kwa kahawa chungu. Hadithi ya kontena naisimulia mara ya kwanza nimekasirika, mara ya pili watu wananichokoza, mara ya tatu mimi mwenyewe nacheka. Ikifika isha imekwisha. Sikujua kwamba hiyo nayo ni dawa.

Huku natoka kazini napanda basi, kila mtu na kitu masikioni, kimya kama matanga. Dakika arobaini nairudia zamu nzima peke yangu, kisha naingia nayo ndani. Hata jua halisaidii. Sisi saa moja usiku ni giza, mwaka mzima, hakuna mjadala. Huku Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na Juni linangoja mpaka saa tatu na nusu usiku ipite.

Ninachofanya sasa: kabla ya kuvua sare naandika kwenye daftari yaliyobaki ya kesho, na kwamba fomu zote nimezitia sahihi. Chuo cha Baylor, Texas, walijaribu jambo kama hili kwa vijana 57, matokeo yakatoka 2018: walioandika kwa dakika tano yanayowangoja walisinzia mapema kwa takriban dakika tisa kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya. Dakika tisa, usicheke, hujawahi kuzihesabu gizani. Halafu nashuka basi vituo viwili kabla, natembea, hata kwenye mvua. Hiyo ndiyo feri yangu. Chai ya rangi nzito baada ya alasiri nimeacha, na hilo limeniuma kuliko viza.

Kuna siku inafaa, kuna siku haifai. Ikikataa, madaktari wa huku wanasema usigaagae kitandani, inuka ukakae kwingine mpaka usingizi urudi. Nainuka. Kosa langu ni kwamba nainuka na simu, ndipo unaponikuta.

Kwa hivyo kesho alfajiri ukiniona, nenda ukaswali kwanza. Ukirudi nipigie, uniambie leo ni feri gani imeharibika.