Maji ya maiti hayauzwi

Swali lenu la wiki hii, "Kati ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, wakazi wa wapi wana kero kubwa zaidi?", limenigusa penyewe. Nairobi nimepita tu, siisemei. Mombasa nimezaliwa, Dar naishi tangu 2010, na jibu langu ni Mombasa. Foleni za Dar zinachosha, lakini huwezi kuzilinganisha na bomba lililokauka.

Mwaka 2009 bibi yangu alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Majengo. Maji ya chemchemi za Mzima, yanayosafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo, yalikuwa hayajatufikia kwa siku tisa. Ukitia kata kwenye pipa unasikia inakwaruza chini. Kisima cha msikitini kilikuwepo, ila maji yake ya chumvi. Mwalimu wa madrasa alikuja mwenyewe kutuambia kwamba kisheria yanafaa kuoshea maiti. Shangazi akakataa. "Mamangu kaoga maji ya chumvi umri wake wote. Leo ataoga maji matamu." Nikatumwa barabarani kutafuta mkokoteni. Wa kwanza, mitungi yake ilikuwa imeshalipiwa na mwenye mkahawa. Wa pili, kijana mdogo tu, aliniuliza kwa nini nalia. Nilipomwambia, akageuza mkokoteni bila kutaja bei, akashusha mitungi sita mlangoni. Shangazi alipotoka na pesa, kijana akarudi nyuma hatua mbili: "Maji ya maiti siuzi, mama." Mpaka leo nikinusa karafuu maiti nasikia mitungi ile ikigongana.

Nimeandika hayo kuonyesha Mombasa inavyoumia, na sasa nikiyasoma naona yanasema jambo jingine. Siku ile tulipungukiwa, lakini alikuwepo wa kutupa. Huku Dar, Mto Msimbazi ukifurika kama Desemba 2011, jirani wa kumkimbilia naye yuko juu ya paa. Na wahanga wa mafuriko hayo waliohamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, walipata viwanja, ila wakaachana na watu waliozoea kuazimana chumvi.

Basi nabadilisha: Dar, hasa bondeni mwa Msimbazi. Ingawa mimi nakaa Tabata, upande wa juu, maji hayajawahi kuingia kwangu. Na mama, aliyebaki Majengo, bado anaamka saa nane usiku kusikiliza kama bomba linakoroma. Mkimuuliza yeye atawajibu Mombasa, na mimi sitabishana naye.