Nimetoka hospitali, sasa nile nini?

Tangu nilipoeleza mwezi jana jinsi kiharusi kilivyoniangusha jikoni kwangu nikiwa na miaka 48, ujumbe unaingia hadi usiku wa manane. Siwezi kujibu wote, nimechagua yale yanayojirudia. Mimi si daktari. Ni mama lishe wa miaka ishirini niliyelala wodini wiki tatu, nikamsumbua mtaalamu wa lishe kwa maswali mpaka akawa ananikimbia koridoni. Kabla ya hapo nilichojua kuhusu chumvi ni kwamba humrudisha mteja kesho.

Shikamoo dada. Mume wangu alipooza upande mmoja mwezi wa kwanza, chanzo presha. Tumeambiwa apunguze chumvi. Nimpikie sufuria yake peke yake? (Mama Neema, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Usimtengee sufuria. Mimi nilitengewa wiki mbili: wenzangu mchuzi wa maana, mimi maharage yaliyochemshwa kama ya kupanda. Siku ya kumi na tano nikanyata usiku nikamaliza kiporo chao nimesimama. Mtu akitengewa chakula ataiba, hasa akiwa mwanaume aliyezoea kuwekewa minofu kwanza.

Punguzeni nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani isifike kijiko cha chai kilichopigwa sawa kwa kisu, na hapo inahesabiwa hata ile iliyomo kwenye mkate. Nyumbani tuko watano. Siku ya kwanza nilipima vijiko vitatu asubuhi nikaviweka kwenye kikopo, viwili nikaviachia mkate na vya dukani. Saa nane mchana kikopo kilikuwa kitupu, na usiku bado haujapikwa. Hapo ndipo nilipoelewa nilivyokuwa nikiwalisha watu.

Tazama pia vile vidonge vya kuungia supu. Mara nyingi karibu nusu ya kidonge ni chumvi, na wengi wetu tunakitumbukiza kisha tunaongeza chumvi juu yake. Mimi nimeviacha kabisa. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo uunge. Ladha itafute kwenye kitunguu saumu, tangawizi, ukwaju, embe bichi, na ndimu unayoikamua sufuria ikishaipuliwa. Wiki za kwanza mtanuna. Baada ya hapo ulimi unazoea wenyewe. Mimi leo nikionja chipsi za barabarani naona kama nimelamba bahari.

Nimemaliza dawa na mionzi ya saratani ya matiti. Kila anayekuja kunisalimia ananikataza kitu: nyama, sukari, maziwa, hadi ugali, eti vinalisha saratani. Nimepungua kilo 9. Nifuate nani? (Msomaji, Mwanza)

Wasalimie, wape chai, wasindikize. Kinachonitisha kwenye ujumbe wako ni hizo kilo 9. Mwili uliotoka kwenye dawa zile unajijenga upya, na haujengwi kwa majani ya kuchemsha. Rudi kliniki uwaambie uzito wako ulivyoshuka, usingoje tarehe.

Habari ya sukari ina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Mjerumani Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula glukosi, yaani sukari iliyomo kwenye damu, kwa pupa. Lakini seli zote za mwili hutumia glukosi, na ukiacha ugali na wali, ini litaitengeneza lenyewe, hata kwa kubomoa misuli yako. Unayekaa na njaa ni wewe. Soda na chai ya vijiko vinne punguza, kwa sababu ya kisukari na unene, ila ugali wako kula.

Nyama nayo ina kipimo chake. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, ya utumbo mpana hasa. Nyama nyekundu ya kawaida ikawekwa kundi la "huenda". Ushauri unaotolewa ni isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Kwa hiyo soseji achana nazo, lakini nusu kilo kwa wiki ni wangapi mtaani kwako wanaifikisha?

Halafu uko Mwanza! Sato wapo, dagaa wapo. Ongeza mayai yaliyoiva, maharage, mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Mdomo ukiwa bado na vidonda, pika uji wa ulezi, tia maziwa na kijiko cha karanga iliyosagwa, unywe kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku. Karanga zichague mwenyewe kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi tupa, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu huleta saratani ya ini. Kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, kwa hiyo hata mahindi ya dona yachambue hivyo hivyo.

Jambo moja uulize kliniki: kama chembe nyeupe zako za damu, zile zinazopigana na vijidudu, bado ziko chini, kachumbari na matunda yaliyokatwa barabarani yasubiri. Kula vilivyoiva motoni au ulivyovimenya mwenyewe.

Niko kwa warfarin tangu nibadilishiwe valvu ya moyo. Jirani ameniambia niachane na sukuma wiki kabisa. Sasa nitakula ugali na nini? (Msomaji, Nairobi)

Na sukuma wiki. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo huvutana na dawa yako: dawa inazuia damu isigande, vitamini inaisaidia igande. Lakini daktari anapanga kipimo chako kwa kuangalia damu ya mtu anayekula unavyokula wewe. Hatari ni kuyumba, wiki hii mboga kila siku, wiki ijayo hakuna. Shika kiasi kimoja, usikose kupima damu, na ukitaka kubadilisha mlo waambie kliniki kwanza.

Baba ana figo dhaifu. Kaka zangu wanamletea dafu kila siku, na sasa mtu ameleta juisi ya kusafisha mwili yenye mbirimbi. Ni sawa? (Binti wa Tanga)

Si sawa, na ningekuwa jirani yenu ningeimwaga mwenyewe. Mbirimbi kidogo kwenye mchuzi wa samaki kwa mtu mwenye figo nzima ni utamu tu. Juisi yake nzito ni jambo jingine. Ina kemikali iitwayo oksaleti kwa wingi, ambayo hujikusanya kwenye figo. Kule Kerala, India, watu waliokunywa juisi hiyo wakitaka kushusha lehemu (kolesteroli) walilazwa figo zikiwa zimefeli, na baadhi yao walikuwa hawana tatizo la figo kabla.

Dafu tunalipenda sote, ila lina madini ya potasiamu mengi, kama ndizi mbivu na parachichi. Figo dhaifu haziwezi kuitoa, na ikizidi moyo unaweza kusimama. Ulizeni kwanza matokeo yake ya damu. Kama potasiamu iko juu, viazi vimenyeni, vikateni vidogo, vichemsheni kwenye maji mengi na maji yale myamwage. Na ile chumvi inayouzwa kuwa "nzuri kwa presha" someni pakiti: mara nyingi wamepunguza sodiamu, ile ya chumvi ya kawaida, wakaweka potasiamu. Kwa baba yenu haifai.

Mwili, kwa taarifa, unasafishwa na ini na hizo hizo figo. Hakuna juisi inayofanya kazi hiyo.

Chia, kwinoa, mafuta ya zeituni. Mshahara wangu hauruhusu. Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

Viache dukani. Una choroko, kunde, njugumawe, mtama, uwele na alizeti inayokamuliwa hapo hapo kwenu. Matembele ni fungu la bei ya nauli.

Unga wa mlonge umenishushia presha. Naweza kuacha vidonge? (Msomaji, hakutaja mahali)

Hapana. Mwaka 2011 nilimwona jirani akipanda gari kwenda Loliondo kunywa kikombe cha Babu, ile dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu iliyosemwa inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Alirudi anacheka, akavitupa vidonge vyake vyote. Presha haina kelele. Ilikaa kimya kwake, ikamchukua. Huo mlonge mwambie daktari kwamba unautumia, kwa sababu ukichanganyika na vidonge presha inaweza kushuka kupita kiasi.

Mkono wangu wa kushoto haushiki tangu kiharusi. Nataka kupika mwenyewe, nimechoka kula nilichopikiwa. (Msomaji, Mombasa)

Hili nalijua mkononi mwangu. Mpe fundi ubao wa kukatia, apigilie misumari miwili isiyoshika kutu kutokea chini, ncha zitokeze juu kama sentimita tatu. Kitunguu au nyanya unaichomeka hapo, inatulia, unakata kwa mkono mzima. Chini ya ubao tandika kitambaa kilicholowa usiteleze. Ukimaliza chomeka vipande vya gunzi kwenye ncha, maana mimi wa kwanza kuchomwa alikuwa mjukuu.