Boresha, lakini useme umeboresha nini

Barua za wasomaji wetu wa Mombasa safari hii karibu zote zazunguka neno moja, bora, na watoto wake: boresha, boreka, maboresho, uboreshaji.

Swali (Changamwe): Ni sahihi kuandika "vitabu vibora" na "watu wabora"?

Si sahihi, na swali hili limeshajibiwa hapa mara nyingi. Bora ni kivumishi kisichopokea kiambishi cha ngeli: mtu bora, vitabu bora, maji bora. Kimo katika kundi la safi, hodari, rahisi na ghali. Usikichanganye na mbora, ambayo ni nomino, kama isemwavyo "mbora wa viumbe" katika mawaidha na kaswida za Maulidi.

Swali (Kisauni): Boresha au borisha?

Boresha. Shina lenye o au e huvuta -esha. Lenye a, i au u huvuta -isha, ndipo twapata imarisha, fupisha, rahisisha.

Swali (Mji wa Kale): Nimeweka mafundi nyumbani. Niseme naitengeneza, nairekebisha, naikarabati au naiboresha?

Tazama kazi yenyewe kwanza. Kutengeneza, au kutengeza kama wengi wetu tusemavyo hapa, ni neno pana: laweza kuwa kuunda kipya au kuponya kilichoharibika. "Fundi ametengeza mlango" haituambii kama mlango ni mpya au bawaba tu ndizo zilizobadilishwa, basi ongeza neno. Kurekebisha ni kuweka sawa kilichokwenda upande: mlango unaokwaruza sakafu hurekebishwa. Kukarabati ni kurudisha jengo au chombo kikuukuu katika hali yake njema, kwa mfano kutoa boriti zilizooza na kutia nyingine. Kuboresha kunadai zaidi ya hayo. Kitu lazima kipate sifa ambayo hakikuwa nayo, au kiwe nayo kwa kiwango kikubwa kuliko mwanzo. Chumba cha kiza kikitobolewa dirisha, hicho kimeboreshwa.

Na kwa kuwa umetaja Mji wa Kale, sikiliza na hili. Kuta nyingi za huko ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa. Mwenye nyumba hubandua plasta ya chokaa, akapiga ya simiti, kisha akasema ameboresha. Chokaa huacha unyevu utoke. Simiti huufungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta, plasta ikavimba na kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Ukuta huo umeharibiwa. Ulihitaji ukarabati, kwa chokaa ileile. Fundi akikwambia "nitakuboreshea ukuta", muulize atatumia nini kabla hajashika mwiko.

Swali (Likoni): Redioni walisema "hali ya mgonjwa imeboreka". Ni Kiswahili hicho?

Sarufi haina kosa, lakini hiyo ni lugha ya ofisini. Mgonjwa hupata nafuu, hupata ahueni, au hajambo kidogo. Na mtu mzima akisema ni ashekali, yaani afadhali, mwelewe, ni neno zuri lisilostahili kuachwa life. Huduma za hospitali ndizo ziboreke.

Nafuu hufaa kwa bei pia, na hapo wenye maduka hukosea vibaya. Bango lasema "Bei zimeboreshwa". Kwa nani? Muuzaji huona bora ikipanda, mnunuzi ikishuka. Andika zimepunguzwa.

Swali (Kongowea): Uboreshaji na maboresho vina tofauti?

Uboreshaji ni kazi inapofanywa; maboresho ni mambo yaliyozaliwa na kazi hiyo. Uboreshaji wa soko umeanza. Maboresho ya soko yameonekana: paa, mifereji, taa.

Swali (Mikindani): Mwalimu amemkata mwanangu alama kwa kuandika "serikali iboreshe changamoto za maji". Kosa liko wapi?

Mwalimu amefanya haki. Changamoto ikiboreshwa huwa changamoto kubwa zaidi. Uhaba hupunguzwa, tatizo hutatuliwa, ajali huzuiwa, umaskini huondolewa. Kinachoboreshwa ni huduma. Kosa hili limejaa kwenye hotuba na taarifa za watu wazima, na watoto hulichota huko.

Mfundishe mwanao njia hii. Kila aandikapo boresha, mahali pake atie "fanya kiwe bora kuliko kilivyokuwa". Sentensi ikichekesha, kitenzi si hicho. Ikikaa sawa, bado ajiulize: bora kwa kipi, kwa wingi, kwa kasi, kwa usafi? Jibu la swali hilo ndilo la kuandikwa. Badala ya "huduma ya maji imeboreshwa mtaani", aandike "maji sasa hutoka siku nne kwa juma, zamani yalitoka siku moja".