Mtaro wa sentimita 60, na maswali mengine ya mtaa

Mbukwenyi. Kifuku kimeisha hapa Dodoma, na simu yangu imejaa picha za mitaro, nyufa na mageti yaliyozama. Nilistaafu ufundi sanifu wa barabara zamani kidogo, lakini maswali hayastaafu. Nimechagua matano.

Mzee, shikamoo. Lami ya mtaa wetu ina miaka miwili. Malori hayapiti, ni bajaji na bodaboda tu, lakini ina mawimbi na ufa mrefu pembeni unaofuata barabara. Mkandarasi katupiga? (Nkuhungu)

Marahaba. Kabla hujamhukumu mkandarasi, uangalie ufa wenyewe. Ufa unaoletwa na magari hutokea pale matairi yanapopita, nao hugawanyika vipande vipande kama ngozi ya mamba. Ufa mmoja mrefu unaoandamana na ukingo, unaoingiza ufunguo wa pikipiki mpaka shingoni, mara nyingi unatokana na udongo wa mbuga ulio chini.

Udongo ule mweusi hunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa. Na hapa kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Katikati ya barabara lami imefunika, unyevu haubadiliki sana. Pembeni maji yanaingia na kutoka kila mwaka, kwa hiyo ukingo unapanda na kushuka huku katikati pametulia. Lazima papasuke mahali.

Hilo linajulikana. Mwongozo wa Wizara ya Ujenzi wa kusanifu tabaka za barabara, wa mwaka 1999, huupanga udongo wa asili katika madaraja S3, S7 na S15. Namba ni kipimo cha CBR, yaani uimara wa udongo kwa asilimia ukilinganishwa na kokoto iliyosagwa ya kiwango, ambayo ndiyo 100. Mbuga ikilowa inaweza isifike hata 3. Hapo msanifu ana njia chache: auchimbe autupe, aufunike kwa kifusi kinene cha moramu, atanue mabega ya barabara na kuusogeza mtaro mbali na lami. Zote zinakula pesa, ndiyo maana huwa za kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Kwa hiyo usiulize "katupiga?" Uliza hivi: sampuli za udongo zilichukuliwa kila baada ya mita ngapi, na zilipimwa zikiwa zimelowekwa siku 4 au zikiwa kavu? Kama mtaa wote ulipimwa kwa shimo moja lililoangukia kwenye mchanga mwekundu, jibu umelipata. Wazee wanasimulia kwamba jina Dodoma lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye tope alipokwenda kunywa maji. Kwangu mimi hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya udongo wa mji huu.

Mtaro mbele ya nyumba yangu una upana wa sentimita 60 na kina hichohicho. Miaka yote ulitosha. Sasa mvua ya nusu saa tu, maji yako sebuleni. Nani aliyeamua 60? (Chang'ombe)

Pole sana mama. Aliyeamua alipiga hesabu, na huenda hesabu yake ilikuwa sahihi siku ile. Tuirudie pamoja.

Chukua eneo la hekta 10 linalomwaga maji kwenye mtaro wako, na mvua ya milimita 60 kwa saa. Msanifu huzidisha eneo na mvua, akazidisha tena na sehemu ya maji inayotiririka badala ya kuzama, kisha hugawa kwa 360, namba inayogeuza hekta na milimita kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Zamani pale palikuwa na viwanja vitupu, mihogo na miti. Tuseme sehemu 0.3 ilitiririka. Hiyo ni nusu mita ya ujazo kwa sekunde, lita 500. Mtaro wa mawe uliopigwa lipu, wa 60 kwa 60, wenye mteremko wa sentimita 1 kila mita 2, ukijaa mpaka mdomoni unapitisha lita 500 hivi. Umetosha, kwa taabu.

Leo kila kiwanja kina bati, na ua umepigwa pevingi mpaka getini. Sehemu inayotiririka imefika 0.7. Mvua ni ileile, hekta ni zilezile, lakini maji sasa ni karibu lita 1,170. Mtaro haujapungua hata sentimita moja, ila umekuwa mdogo kuliko nusu ya kazi yake.

Halafu teremka mtaroni upime mchanga. Ukiwa na sentimita 20 tu chini, uwezo unashuka kutoka lita 500 hadi 300 hivi. Nimeona mitaro ya mji huu ambayo mchicha umeota ndani na umechumwa mara mbili.

Jambo jingine: ukisikia mtaro umesanifiwa kwa "mvua ya miaka 10", usidhani baada ya mafuriko ya mwaka huu utapumzika miaka 10. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 10 ya mvua hiyo kuzidiwa. Katika miaka 10, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni kama asilimia 65.

Fundi aliniwekea bomba la inchi 12 kwenye mtaro ili gari liingie getini. Jirani wa juu analalamika. Ana haki? (Ilazo)

Anayo, tena nyingi. Kwa mteremko uleule tuliousema, bomba la inchi 12 hupitisha lita 70 hivi kwa sekunde. Mtaro wako, ukiwa wa 60 kwa 60 kama ule wa Chang'ombe, unaleta 500. Zile 430 ulitaka ziende wapi? Zinakwenda kwa jirani. Na mfuko mmoja wa takataka ukikwama, hata zile 70 hazipiti.

Kipenyo kinadanganya macho: bomba la inchi 24 ni mara mbili ya la 12 kwa upana, lakini maji linayopitisha ni zaidi ya mara sita. Hata hivyo mimi nisingeweka bomba. Mwaga mfuniko wa zege lenye nondo juu ya mtaro, vipande vinavyoweza kunyanyuliwa na watu wanne, mtaro ubaki mzima chini. Na kabla ya chochote, nenda ofisi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ukaombe idhini, maana mtaro huo si wako.

Mtaro unajengwa mtaani kwetu. Sisi si wataalamu, tutajuaje zege ni zuri? (Mkonze)

Tazameni ndoo. Zege likiwa zito, vibarua huchoka, na mmoja huongeza maji "liteleze kidogo". Kila ndoo ya ziada inalidhoofisha. Ulizeni zilipo tofali za majaribio, zile za sentimita 15 kila upande, ambazo huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Simameni pale zinapojazwa. Kwenye mradi mmoja wa ujana wangu, zege la tofali hizo lilichanganywa pembeni, kwa saruji ya kushiba, na majibu ya maabara yakawa ya kupendeza. Mtaro wenyewe haukumaliza kifuku cha pili.

Kisha angalieni kama linamwagiliwa. Kwa upepo wa hapa, zege lisilofunikwa magunia mabichi wiki nzima hupasuka nyuzinyuzi juu kabla halijakomaa.

Watoto wamegongwa mara mbili. Tumejenga tuta wenyewe kwa mawe na saruji, na mwenyekiti wa mtaa kaombwa alibomoe. Ni haki? (Miyuji)

Poleni. Lakini ndiyo, libomoeni. Tuta la usalama lina umbo: lile lililobuniwa Uingereza miaka ya 1970 na kuigwa duniani lina urefu wa mita 3.7 kufuata barabara, na kimo cha sentimita 10 tu katikati. Gari hupanda na kushuka taratibu. La kwenu, kwa picha mliyonitumia, ni ukuta mfupi usio na alama wala rangi. Usiku bodaboda hataliona, ataruka na abiria wake.

Andikeni barua kupitia mtendaji wa mtaa kwenda kwa meneja wa TARURA. Si halmashauri, barabara za mitaa zilihamia kwa wakala huo mwaka 2017. Ila kama ni barabara kuu au ya mkoa, barua iende TANROADS. Tajeni tarehe za ajali zote mbili, mahali penyewe, na umbali kutoka lango la shule. Ombeni tuta pamoja na kibao na kivuko cha pundamilia. Nakala muiache kwa mtendaji, igongwe mhuri.