Bwana Shamba, nyanya zangu zinaoza kitako!

Bwana shamba shikamoo. Nimepanda nyanya kwenye ndoo nyuma ya nyumba, zimekua vizuri zimebeba mpaka nikawa naringa, sasa zikifika saizi ya limao zinaanza doa huku chini, kwanza kama pamelowa, baadae panakuwa peusi panabonyea. Nimepiga dawa ya ukungu mara mbili hola. Jirani kasema nisage maganda ya mayai nimwagie. Nifanyeje? – Mama Wawili

Marahaba mama. Kwanza weka hilo bomba la dawa chini, hela yako inapotea bure. Doa likiwa kitakoni, upande ule ulioelekeana na kikonyo, na ukilishika ni kavu gumu kama ngozi, huo sio ukungu na wala sio ugonjwa wa kuambukiza, wenyewe tunaita kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu wakati linakua.

Sasa usikimbilie kununua kalsiamu, maana mara nyingi kwenye udongo ipo tele, shida ni usafiri. Kalsiamu inapanda na maji kutoka kwenye mizizi, na majani ndo yanavuta maji mengi kwa sababu yanapoteza maji mchana kutwa, tunda linapoteza kidogo sana kwahiyo linapata kidogo, na kile kitako ndo mwisho wa safari kabisa. Ukikaa siku mbili hujamwagia alafu ya tatu ukamimina ndoo nzima kwa huruma, zile siku mbili tunda lilikuwa linatanuka bila kalsiamu, na seli zikishakufa hazifufuki hata umwage nini. Ndoo nayo inakauka haraka kuliko ardhi, ndo maana wanaopanda kwenye vyombo wanasumbuka zaidi.

Fanya hivi. Kila asubuhi ingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, usiangalie juu tu maana juu panadanganya, ukikuta pakavu mwagia taratibu mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Kama kuna unyevu, acha. Jua likiwa kali na mche umeshabeba unaweza kujikuta unamwagia asubuhi na jioni, ni kawaida. Tandaza nyasi kavu juu unene wa sentimita 5 hivi, ila zisigusane na shina. Mche mmoja ndoo moja ya lita 20, sio mitatu jamani, najua inauma kung'oa lakini inagombania maji hayohayo. Na kama ulikuwa unaweka mbolea ya urea, simama, inasukuma majani ambayo yatazidi kulinyang'anya tunda.

Maganda ya mayai hayana ubaya, ila yanachukua miezi mingi kuoza, hayawezi kuokoa nyanya za wiki hii. Kupulizia kalsiamu kwenye majani pia sio suluhisho, ikishaingia kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Zilizooza chuma uzitoe ili mche usihangaike nazo, sehemu nzima unaweza kuikata ukala kama haijaota ukungu. Mara nyingi yanayoumia ni matunda ya mwanzo, ukinyoosha maji yanayofuata yanakuja safi.

Matango yangu yana maua kibao lakini yote yanadondoka, sijapata hata tango moja. Mbegu feki? – Mkulima wa Dirishani

Kabla hujamtukana aliyekuuzia mbegu, geuza ua uangalie nyuma yake. Ua jike lina katango kadogo kameshajitengeneza hapo nyuma, dume lina kikonyo kitupu. Matango huanza na madume, yanachanua yanadondoka, hakuna hasara. Ukiona majike yapo ila vile vitango vinageuka njano vinasinyaa, hapo ni uchavushaji, yaani chavua (ule unga wa ua dume) haifiki kwenye jike, nyuki hawafiki dirishani kwako. Asubuhi maua yakishafunguka chuma dume, bandua petali zake, pakaza ile chavua katikati ya jike. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Kuna aina za matango zinazaa bila kuchavushwa, soma pakiti yako, kama imeandikwa hivyo basi tatizo lako ni lingine, anza na maji na jua.

Vidukari vimejaa kwenye pilipili hoho, nimwage sabuni ya kufulia? – Kaka wa Hoho

Ya unga hapana kaka, itakuunguzia majani. Chukua sabuni laini ya maji, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye majani machache kwanza usubiri mpaka kesho yake. Jani halijaungua? Pulizia jioni, na pulizia CHINI ya jani maana huko ndo wamejipanga, watu wengi wanalowesha juu wanaenda kulala. Sabuni inaua kile inachokigusa tu na ikikauka kazi imeisha, na hawa wadudu jike anazaa bila hata kuona dume, kwahiyo rudia baada ya siku 4 hadi 7. Ukiona sisimizi wanapanda shina wafuatilie watakupeleka kwenye kundi lenyewe, wanafuata ule utamu unaonata ambao vidukari wanatoa, na wanawalinda wasiliwe. Kama wapo wachache achana hata na sabuni, maji ya bomba yenye presha na vidole vinatosha.

Baraza yangu inapata jua kama masaa 4 tu kwa siku, nipande nyanya? – Mpangaji

Hapana. Nyanya, hoho, bilinganya zinataka masaa 6 mpaka 8 ya jua la moja kwa moja, utapata majani marefu membamba na hasira. Panda spinachi, saladi, giligilani, vitunguu vya majani.

Karoti zangu zina miguu miwili miwili, niliziotesha kitaluni nikazihamisha. – Bi Karoti

Jibu umeshajipa Bi Karoti, karoti haihamishwi. Ule mzizi mkuu ukikatika ncha unagawanyika, na jiwe au samadi mbichi vinafanya hivyohivyo. Sia palepale zitakapokaa, chambua mawe kina cha sentimita 30, zikiota punguzia zipishane sentimita 5.